Gervasi Anakauka

Mke akianza kumfuata mumewe mpaka mlango wa choo, majirani hawakosi la kusema, na majirani wa Elida pale Rusimbi walilisema kwa sauti ya kusikika. "Huyu sasa wivu umezidi," alisema mmoja. "Hata chooni!" Wivu! Laiti ungekuwa wivu, angelala usingizi. Elida alikuwa anatega sikio asikie kama mumewe anakojoa.

Jamani, msicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze.

Mumewe, Gervasi, ni kuli wa mwalo wa Kibirizi. Boti zikiingia kutoka ng'ambo ya Kongo, yeye ndiye anayeitwa kwanza, kwa sababu gunia ambalo wenzake wanalinyanyua wawili, Gervasi analiweka begani na bado anapiga soga. Kifua chake kilijengwa na magunia. Kisha akakutana na Hamdani, fundi cherehani wa Ujiji, ambaye uani kwake amejaza vyuma vya kunyanyulia, vingine vya kununua na vingine vya zege lililomwagwa ndani ya makopo ya rangi. Fundi Hamdani anasema ujanani alikuwa bingwa wa kutunisha misuli. Hakuna aliyeona, lakini anavyolisema utadhani kombe liko chumbani kwake linang'aa. Basi akamchukua Gervasi, akamfunza, na tangu hapo kila mashindano ya mkoa Gervasi yumo.

Yumo, lakini hajawahi kuwa wa kwanza. Wa pili, wa tatu, wa pili tena. Pale mwaloni walishamwita Namba Mbili, na yeye alikuwa anacheka nao, lakini Elida ndiye aliyelala naye kitanda kimoja na kujua kwamba hacheki. Sasa umri umepita arobaini, bega la kushoto linalia kila asubuhi, na mwenyewe alishatamka: "Mama Diana, mwaka huu ndio wa mwisho. Nikikosa, nimekosa."

Tatizo halikuwa kukosa. Tatizo lilikuwa mwaka jana.

Mwaka jana Fundi Hamdani alimkausha. Hivyo ndivyo wanavyosema wenyewe, kukausha. Unaacha chumvi, ili mwili usishike maji. Wanga unauacha siku za mwanzo, hakuna ugali, hakuna wali, hakuna kiazi, misuli ishikwe na njaa; halafu karibu na mashindano unarudishiwa wanga mwingi, misuli ijae na kutuna. Na mwishoni kabisa unaacha maji, ngozi ibane nyama, kila mshipa uonekane. Basi Gervasi akasimama jukwaani mkavu kama dagaa wa kichanjani, watu wakapiga vigelegele, akawa wa pili. Aliposhuka, miguu ikamkaza. Akaanguka nyuma ya ukumbi huku mapaja yanamcheza yenyewe, moyo unakwenda mbio, macho yamemtoka. Wakambeba hospitali, wakamtundikia dripu, na mkojo haukutoka mpaka watu wakaanza kumwombea dua.

Daktari alimwita Elida pembeni. Akamwambia bila kuzungusha maneno: figo zimepona safari hii, lakini zimeumia. Akijikausha tena namna hii, usije ukaniuliza kwa nini amekufa. Na akikaa muda mrefu hajakojoa, usisubiri mtu akushauri, mlete.

Gervasi akaapa. Alipotoka wodini alimshika mkono mkewe, akaapa mbele ya dada yake Leonia, kwamba maji hataacha tena maisha yake. Chumvi ataacha, hilo halimuui mtu. Lakini maji, kamwe.

Kwa hiyo mwaka huu Elida akaishika kazi ya chumvi kwa mikono miwili. Alijua kwamba chumvi ikitoka vizuri, hakuna atakayemwachisha maji. Akatenga sufuria ya Gervasi, akatenga mwiko, akatenga bakuli. Kopo la chumvi ya Uvinza akalifungia kwenye sanduku la nguo, na ufunguo akautia kwenye kamba shingoni. Migebuka, wale samaki wa ziwani, akaichemsha mitupu na ndimu. Maharage matupu. Sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, akayapika mpaka yakalainika, matupu, hata mawese tone moja tu. Gervasi anakula amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. "Mama Diana, hiki ni chakula au adhabu?" Elida anamjibu, "Kula, adhabu ilikuwa mwaka jana." Na jagi la maji halikauki mezani. Anakunywa, anakwenda uani, Elida anatega sikio, roho yake inatulia. Ndiyo hayo majirani waliyoyaona.

Siku za kukosa wanga zilikuwa mbaya. Gervasi alikuwa mkali kwa kila kitu, hata kuku wa jirani alimgombeza. Alipofika wakati wa kurudisha wanga, Elida alimpikia wali, viazi vitamu na muhogo wa kuchemsha, sahani juu ya sahani, na Gervasi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Elida akaanza kuamini kwamba Mungu amemsikia.

Ijumaa asubuhi Fundi Hamdani akabisha hodi, futi ya kupimia nguo shingoni kama kawaida yake.

"Vua shati, mzee," akamwambia Gervasi.

Gervasi akavua, akabana tumbo, akatunisha. Fundi akamzunguka. Akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia. Uso ukambadilika.

"Una maji chini ya ngozi."

"Si nakunywa maji?"

"Maji peke yake yanaingia na kutoka. Haya yameshikwa. Kuna chumvi hapa. Shemeji, umemtilia chumvi?"

"Mimi?" Elida alishika ufunguo shingoni. "Hata punje, fundi! Wallahi hata punje, na mimi Mkristo nakuapia!"

Fundi akaingia jikoni bila kuulizwa, kwa sababu yule bwana hana aibu, akaanza kuchungulia. Sufuria, mwiko, ndimu. Kisha akanyoosha mkono kwenye ubao wa juu, akashusha kipande cha kijivu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Hii nini?"

"Magadi," akasema Elida. "Ya kulainishia sombe. Na maharage."

"Umemlisha magadi wiki nzima?"

"Si chumvi hiyo, fundi. Ni magadi."

"Chumvi na magadi ni mtu na ndugu yake! Yote yanashika maji mwilini! Onja mwenyewe!"

Elida aliweka kipande ulimini, ingawa hakuwa na haja. Tangu utotoni anaijua ladha ile. Mama yake aliyatia magadi kwenye sombe, bibi yake aliyatia, kila mwanamke aliyemfahamu kutoka Ilagala mpaka Kasulu hapiki maharage bila magadi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyahesabu kuwa chumvi. Chumvi iko kwenye kopo. Magadi ni magadi. Akakaa kwenye kigoda, akatamani ardhi ipasuke.

"Dawa ni moja," akasema Fundi Hamdani, amemgeukia Gervasi. "Kuanzia sasa hivi hakuna maji. Hata tone, mpaka ushuke jukwaani kesho jioni. Wanga endelea nao. Hatuna njia nyingine."

Gervasi alimwangalia mkewe. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alimwangalia kwa macho ya mtu aliyetegemea ukuta, ukuta ukaondoka. Kisha akalichukua jagi la maji, akatoka nalo, akayamwaga yote kwenye mchicha.

"Baba Diana, uliapa," akasema Elida.

"Na wewe ulisema umeishika chumvi."

Sasa hapo mtu unasema nini? Kila neno alilokuwa nalo Elida lilikuwa limeshachukuliwa na lile jiwe la kijivu.

Mchana ule akaenda Kibirizi kuanika dagaa wake, kwa sababu dagaa hawangojei matatizo ya mtu. Akawamwaga kichanjani, akawatandaza, jua linawaka mpaka mchanga unachoma nyayo. Alishika dagaa mmoja aliyeanikwa tangu asubuhi, akamvunja, akavunjika kwa sauti ndogo, na Elida akamtupa mchangani. Ziwa lote lile mbele yake, maji mpaka macho yanachoka, na mumewe amekaa nyumbani anatema mate kwenye kopo ili apungue zaidi. Alirudi nyumbani kabla ya wenzake, anakimbia nusu ya njia.

"Umekwenda uani?" akamuuliza.

"Niache, mama."

"Nakuuliza, umekwenda?"

"Nimekwenda." Lakini hakumwangalia alipojibu, na mtu uliyeishi naye miaka yote hiyo unamjua akidanganya.

Jumamosi kulipokucha alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anausugua mguu. Kigimbi kilikuwa kimekaza kama ngumi. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, na alipojaribu kusimama alishika ukuta, akangoja, akajifanya anatafuta shati. Bakuli la wali lilikuwa pembeni yake, limeguswa kidogo tu.

"Wali haushuki," akasema Gervasi. "Unabaki hapa." Akaonyesha kooni.

"Daktari alisema wanga unataka maji ili uingie kwenye misuli. Huo wali utakaa tumboni bure, Baba Diana! Kunywa. Nakuomba. Nusu kikombe."

"Nikinywa nusu kikombe, kesho ukinipitisha sokoni watu watasema nini? Namba Mbili, mkewe kampikia magadi, kisha kampa maji. Mama Diana, nimebakisha siku moja. Siku moja tu katika maisha yangu yote. Niachie."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini Elida. Kwa sababu alimwelewa. Alimwelewa kabisa! Alimtaka awe wa kwanza kuliko hata yeye mwenyewe alivyotaka. Aliwahi kuota kwamba amelishika lile kombe, analifuta vumbi kwa khanga. Na sasa kosa ni lake, na anayelipa ni yeye mwenye figo. Akatoka nje, akalia nyuma ya banda la kuku, akajifuta, akarudi.

Mchana Leonia akafika kutoka Kidahwe, jasho linamtoka, kikapu cha ndizi mkononi. Huyu ndiye dada mkubwa wa Gervasi, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na Gervasi anamwogopa kuliko anavyomwogopa askari.

"Mwakeye, wifi," akasalimia kwa Kiha.

"Shikamoo, wifi. Karibu, pole na jua."

Elida alimchotea maji. Na kama wafanyavyo kwao Uha, akapiga funda moja yeye kwanza mbele ya mgeni, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, akampa. Leonia akapokea, akanywa mpaka chini bila kupumua. Hakuna wa huko atakayekupa kinywaji kabla hajaonja. Na wewe ukishapewa kilichoonjwa, hukirudishi. Kukirudisha ni kumwambia aliyekupa kwamba umemwona mchawi, ametia sumu. Ndoa zimevunjika kwa kikombe kilichorudishwa. Koo nzima zimeacha kuzikana.

Elida akabaki ameshika kile kikombe kitupu. Wazo lililomjia lilikuwa baya, na alijua atalifanya.

Alingoja Gervasi aondoke na Fundi Hamdani. Kisha akachemsha maji, akayapoza. Akafungua sanduku kwa ufunguo wa shingoni, akachota chumvi, akachota na sukari, akakoroga yale maji ambayo kila mama anayajua, ya mtoto anayeharisha. Akajaza chupa, akaifunga kwenye khanga. Leonia alikuwa anamtazama.

"Ya nani hayo?"

"Ya ndugu yako," akasema Elida. "Na wewe uwe karibu, wifi. Nakuomba uwe karibu."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka vijana wamekaa madirishani. Muziki unapigwa mpaka meno yanatetemeka. Nyuma ya ukumbi, uani, watunisha misuli walikuwa wamepanga mstari wamepakwa mafuta, wanang'aa. Feliksi wa Katonga alikuwepo, kijana mwenye mabega ya kuogofya, anaruka ruka. Na Gervasi alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki. Elida alipomwona alishika mdomo. Mumewe alikuwa ananyoosha paja kwa mikono miwili, na paja linaruka lenyewe chini ya ngozi, kama lile la mwaka jana. Lile lile.

Hakufikiri tena. Alipita katikati ya watu, Leonia nyuma yake, akasimama mbele ya kiti. Akamimina kikombe. Akakiinua ili kila mtu aone, akapiga funda, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Pokea, Baba Diana."

Watu wote uani wakageuka kutazama, maana nusu ya waliokuwepo ni Waha na hawakuhitaji kuelezwa.

"Shemeji, una wazimu?" Fundi Hamdani alifoka. "Mwondoeni huyu mwanamke!"

Hakuna aliyemgusa. Gervasi alikitazama kikombe, kisha akamtazama mkewe, na hasira iliyokuwa machoni mwake Elida hakuwahi kuiona, hata siku moja.

"Usinifanyie hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Elida. Usinifanyie hivi hapa."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Diana azaliwe. Maji yakamwagika kidogo kwenye vidole vya Elida, lakini hakukirudisha kikombe nyuma.

"Pokea," akasema Leonia. "Au niambie hapa hapa mbele ya watu kwamba mkeo amekutilia sumu, nijue."

Gervasi akapokea. Akanywa. Kwenye funda la pili alisita, akaisikia chumvi, akafumba macho. Jamani, chumvi! Lakini kikombe kilichoonjwa hakirudi, akanywa mpaka chini. Elida akamimina tena, akaonja tena. Akanywa na hicho. Mpaka chupa ikaisha, na Fundi Hamdani alikuwa ameshaondoka pale akipiga kelele kwamba kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji.

Majina yakaanza kuitwa. Gervasi alisimama, safari hii hakushika ukuta. Hakumtazama mkewe. Akapanda jukwaani.

Elida hakuangalia kifua wala mgongo wala vile vitu ambavyo majaji walikuwa wanaviangalia. Aliangalia miguu. Gervasi akageuka, akatunisha, akashusha mikono, akatunisha tena, na watu wakapiga makofi, na Elida anaangalia miguu. Mishipa ilimjaa mikononi, hilo hata yeye aliliona. Paja halikuruka. Feliksi akaitwa pembeni yake, mkavu, ngozi imebana nyama kila mahali, na kila mwenye macho aliiona tofauti tumboni.

Feliksi wa kwanza. Gervasi wa pili. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Namba Mbiliii!" na baadhi yao walikuwa wanampenda, lakini lilikuwa jina lile lile. Gervasi alimpa Feliksi mkono, akamnyanyua mkono wake juu, akashuka.

Alimkuta mkewe chini ya ngazi. Mafuta yanamtiririka, macho mekundu.

"Kombe lilikuwa langu," akasema.

"Najua."

"Ulikosea la magadi, nikakusamehe. Lile lilikuwa kosa. Hili la leo umelifanya kwa makusudi."

"Nimelifanya kwa makusudi," akasema Elida. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na ukinirudisha pale uani sasa hivi, nitapiga goti tena."

"Leo sirudi nyumbani. Naenda na dada Kidahwe. Chakula chako sikitaki. Uso wako sitaki kuuona."

"Nenda. Kakasirike, Baba Diana. Kasirika mpaka Krismasi ukitaka. Wiki hii nzima nilikuwa nakuona maiti kitandani kwangu, na maiti haikasiriki."

Gervasi akavaa shati lake bila kujifuta mafuta, akatoka nje, Leonia akimfuata na kikapu kitupu. Elida akatoka nyuma yao, akasimama mlangoni. Alimwona mumewe akivuka barabara, akiinama, akipanda bajaji kwa miguu yake mwenyewe bila kushikwa na mtu, amenuna mpaka masikioni, na mwaka mzima alikuwa hajaona kitu kizuri kama kile.